Mji wa Mtu Asiyependa Baridi

Kilichoninyima usingizi miezi ile hakikuwa mapenzi, ingawa nyumbani wote walidhani ni mapenzi. Kilikuwa ukungu. Nililala chumba cha nyuma katika nyumba ya mama, Newala, nikisikia upepo ukipita chini ya mlango, na nikijiuliza: mwanamke aliyezaliwa Kuba ataweza kuamka katika ukungu huu kila siku asinichukie? Na asiponichukia kwa ukungu, hatanichukia kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye? Na nikimpeleka kwenye joto, halafu joto lile likawa si joto la aina anayoipenda? Maana joto nalo lina aina zake. Hapo ndipo usingizi ulipokuwa ukiniaga rasmi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kuba na shahada ya kilimo, viatu vilivyoisha soli, na mchumba niliyemwacha kule akimalizia miaka yake ya kutumika hospitalini kama muuguzi. Siku tunaagana aliniambia hivi: "Nitakufuata. Ila usinipeleke kwenye baridi. Na usinipeleke mahali ambapo hakuna mtu wa kuongea naye na kucheza naye kama tunavyoongea na kucheza hapa. Mengine nitavumilia." Alisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nikakubali. Tulikuwa uwanja wa ndege. Angedai hata bahari ihamie kusini ningekubali.

Nilipofika kwetu ndipo nilipoyaangalia masharti yale kwa utulivu, na utulivu ukanitoka. Yeye hakuweza kupewa ruhusa ya kusafiri mpaka aseme anakwenda kuishi mji gani. Si nchi, mji. Alikuwa anasubiri jina kutoka kwangu.

Zamani jambo hili lisingekuwa langu. Waliomaliza chuo kabla yangu walipangiwa. Unaambiwa Kigoma, unakwenda Kigoma, na ukiichukia Kigoma unailaumu serikali huku ukila mishahara yake. Mimi nilirudi wakati wa ruksa. Ruksa kuingiza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa mtu binafsi kununua korosho, na ruksa msomi kujitafutia kazi popote. Watu walishangilia ruksa kama mvua. Mimi nilitamani mtu mmoja tu, hata karani mwenye hasira, aniamuru.

Kazi niliipata kwa mnunuzi wa korosho aliyekuja kutoka Dar es Salaam na lori jipya na sauti ya kukwaruza. Alihitaji mtu wa kukagua korosho kabla hajazilipia, maana wakulima walikuwa wamejifunza haraka kwamba mtu binafsi naye hudanganyika.

"Nina ghala Newala, nina ghala Masasi," akaniambia. "Utakaa lipi?"

"Naomba muda nifikirie."

"Ufikirie nini? Nimekuuliza ghala, sijakuuliza mke."

Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba ameuliza yote mawili. Akasema msimu ukifunguliwa bila jibu langu atampa mtu mwingine.

Basi nikaanza kufikiria, na nikifikiria mimi huwa sifanyi masihara. Dukani kwa Mhindi nilinunua kipimajoto, nikakitundika barazani kwa mama. Ilikuwa kipupwe. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukavuka ukingo wa uwanda wa juu, ukaingia uani kama mgeni asiyebisha hodi. Wanawake walipita na ndoo kichwani wamejifunika kanga mpaka masikio. Mimi nilisimama na sweta langu, nikisoma kipimajoto.

Mama akatoka jikoni. "Kinasemaje?"

"Ni baridi, mama."

"Kumbe. Umekilipa pesa kikwambie hivyo? Mimi si nipo?"

Akakichukua. Tangu siku hiyo alikitumia kujaribia maji ya kumkandia jirani mguu, na kila nilipokidai aliniambia mgonjwa hajapona.

Newala nilikuwa na mama, na mjomba wangu, kaka yake mama, jirani kabisa. Nilikuwa na kisima cha kuvunia maji ya mvua ambacho marehemu baba alikichimba, na Newala mtu mwenye kisima hatakiwi kueleza utajiri wake zaidi. Alasiri ukungu ukiondoka unaona Msumbiji yote chini, buluu hadi mwisho wa macho. Niliwaza labda mchumba wangu atapenda kuitazama. Halafu nikawaza, mtu anatazama Msumbiji kwa muda gani kabla hajachoka? Kucheza, huko Newala, kulikuwa ngoma za jando na unyago baada ya mavuno, na ngoma hizo hakuna mtu anayemshika mwenzake kiunoni. Nilijaribu kumwonyesha mama jinsi watu wanavyocheza kule, mkono hapa, mkono pale, hatua mbele, hatua nyuma.

"Anacheza hivyo na nani?" akauliza.

"Na yeyote, mama. Hata na wewe."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta mchele. Ile "haya" yake ilinitia mashaka ya wiki nzima.

Nilikwenda Ndanda. Kuna hospitali kubwa ya misheni, mchumba wangu ni muuguzi, na hapana baridi ya kwetu. Mji ulikuwa safi, maji yanatiririka kutoka mlimani, na watu wamekaa kwa adabu. Nikaketi karibu na barabara tangu mchana nikisubiri kusikia muziki unatoka nyumba yoyote. Nikasikia kengele ya kanisa, nyundo za karakana, halafu kengele tena. Hakuna ubaya wowote. Lakini akilini nilimwona akiwa ameketi pale pale nilipoketi mimi, akisubiri kile nilichokuwa nasubiri, nikapanda lori la kwanza lililosimama.

Hilo lori lilikuwa linakwenda Masasi, na Masasi ndiko nilikokutana na mama wa ng'ambo.

Watu walimwita hivyo kwa sababu alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, akakaa. Alikuwa Mmakua kama sisi, ila wa upande ule, na alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mihogo nyuma ya soko, chini ya lile jabali kubwa linalorudisha joto la mchana hadi jioni. Niliingia kunywa chai. Redio yake ilikuwa imeelekezwa kusini, imefungwa waya hadi kwenye bati, na ilikuwa inapiga muziki ambao magoti yangu yaliutambua kabla ya masikio. Mtangazaji akasema maneno kwa Kireno. Mimi, bila kufikiri, jambo lisilonitokea mara nyingi, nikamjibu mtangazaji kwa Kihispania.

Mama wa ng'ambo akageuka na birika mkononi. Akaniambia jambo kwa Kireno. Nikajibu. Akaweka birika chini, akacheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu, nani amekung'ata ulimi? Unaongea Kireno cha mtu aliyetoka kung'olewa meno."

"Ni Kihispania, mama."

"Ndicho nilichosema."

Tulielewana nusu, na nusu nyingine tulimalizia kwa Kimakua. Jumamosi alasiri, akaniambia, watu wa ng'ambo hukutana barazani kwake. Nikarudi Jumamosi. Walikuja mafundi cherehani, madereva, akina mama waliovaa viatu vya mchuchumio kwenye vumbi, na walicheza wawili wawili, mkono hapa, mkono pale. Kulikuwa na uraka, ile pombe ya mabibo, na jasho, na mabishano makubwa kuhusu mpira. Nilisimama ukutani nikiwa na furaha iliyonitisha.

Mtu mwenye akili angekwenda posta saa ile ile. Mimi nilirudi Newala kufikiria. Kwanza, nilikuwa nimeipima Newala wakati wa kipupwe na Masasi wakati joto limeanza, kwa hiyo vipimo vyangu havikuwa vya haki. Pili, vumbi. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, ng'ambo amani ilikuwa imekuja. Kila siku malori yalishuka kuelekea Ruvuma na watu waliobeba magodoro na kuku, wanarudi kwao. Nikimleta mchumba wangu Masasi kwa ajili ya baraza ile, halafu baraza yote ikapanda lori na kuondoka, atabaki na nani? Na mimi? Ningekuwa nimemtoa kisiwani kwao nije nimwonyeshe jabali.

Nilishuka tena Masasi, nikampigia simu kutoka posta ya huko. Kupiga simu Kuba wakati ule kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Opereta wa Masasi alimwomba opereta wa Dar es Salaam, naye akaomba huko mbele, na foleni yote nyuma yangu ilisikiliza kama mahubiri. Alipopatikana nilimweleza. Nilieleza ukungu, kisima, kengele, baraza, malori ya wanaorudi. Nilikuwa nimefika kwenye suala la mwelekeo wa upepo aliponikatiza.

"Mpenzi, mimi nimekuomba jina la mji. Neno moja."

"Ndiyo, lakini nataka uelewe kwamba..."

"Unatafuta mji au unatafuta sababu?"

Alisema mkataba wake wa hospitali unakwisha, na mwisho wa mwezi ni lazima aseme anaondoka au anausaini upya. Asipopata jina, atausaini. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema kama alivyosema habari ya baridi. Laini ikakatika.

"Amekwambiaje?" akauliza mzee mmoja kwenye foleni.

"Anataka jina la mji."

"Si umwambie Masasi? Uko Masasi."

Nilirudi Newala siku hiyo hiyo, nimekasirika na kila kiumbe, nikakuta mama ameanika korosho zilizobanguliwa kwenye mkeka uani, nyingi kuliko za kula, na kando yake mjomba ameketi kwenye kigoda anafunga mkeka mwingine, mpya, kwa kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vema kurudi. Tumeshakuandalia."

"Mmeandaa nini?"

"Safari," akasema mama bila kuniangalia. "Hizi korosho ni za kuwapa wakwe. Sijui kama kwao zipo."

Nikauliza safari gani. Mjomba akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyesahau jina lake.

"Ya kwenda kwa mkeo. Mwanamume anajenga kwa kina mkewe, au huko chuo hilo waliliacha? Baba yako alikuja hapa na jembe na mkeka, akalima shamba la bibi yako mpaka bibi yako akachoka kumkagua. Na wewe umesema unaoa Kuba. Tukasema basi, kijana anahamia Kuba. Tukaona unazunguka Ndanda, unazunguka Masasi, tukasema anaaga."

Nikakaa chini. Miezi yote ile mimi nachagua mji, wao walikuwa wananiaga. Mjomba alikuwa amekwenda kwenye mti wa ukoo, akamimina unga wa mtama taratibu kwa ncha za vidole mpaka ukasimama kama paa la msonge, akaufunika kwa chungu, na kulipokucha akaukuta haujaanguka. Maana yake safari ina heri. Hata mikorosho niliyokuwa nayo bondeni alikuwa ameshamgawia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye tayari alikuwa ameipalilia.

"Mbona hamkuniuliza?"

"Ulikuwa unatazama kioo chako cha baridi," akasema mama. Hapo ndipo nilipoona macho yake yamevimba. Kumbe ile "haya" yake ya wiki zote ilikuwa "haya" ya mtu anayefiwa polepole na anajizuia.

Niliwaambia ukweli kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Siendi popote. Yeye ndiye anakuja. Natafuta mji ambao hatasikia baridi na atapata watu wa kuongea naye, na nimeshindwa, na mwisho wa mwezi hatakuja tena, na nyinyi mnaanika korosho.

Mama akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaanza kuokota korosho moja moja kutoka mkekani na kuzila. Alikula kwa bidii. Mjomba yeye aliwaza.

"Anakuja," akasema. "Huku hana mama?"

"Hana."

"Hana mjomba?"

"Mjomba, ni mtu wa Kuba."

"Basi tatizo lako si baridi. Unataka kumweka mtu mahali ambapo hana kwao. Akigombana nawe atakimbilia kwa nani, kwa dada yangu? Dada yangu atakutetea wewe." Mama akaitikia huku anatafuna. "Mtafutie mama kwanza. Mama akishapatikana, mji umepatikana. Utajenga hapo."

Nilitaka kumwambia kwamba huu si utafiti. Halafu nikakumbuka utafiti wangu ulikuwa unakanda mguu wa jirani.

Tulishuka Masasi na mjomba, yeye amevaa koti lake la sikukuu. Mama wa ng'ambo alitukaribisha chai. Mjomba akaulizana naye ukoo kwa Kimakua, na muda haukupita wakakuta kwamba jina la ukoo wake ni jina la ukoo wa bibi yetu mmoja, kwa hiyo wakasalimiana upya, safari hii kama ndugu. Kisha mjomba akaeleza shida. Kuna msichana anakuja, hana mtu, lugha yake inafanana na ile ya redio.

Mimi nikaingilia. Nilikuwa na swali langu na lingenipasua. "Mama, na wewe hurudi kwenu? Wenzako si wanarudi?"

Akaongeza chai kwenye kikombe changu.

"Wanaorudi wamepanda nini huku? Mimi nina mikorosho kule Lisekese, nje kidogo ya mji. Nilipoipanda nilikuwa na watoto mgongoni. Leo inazaa, niiache niende nikapande mingine, nizeeke nikiisubiri? Baraza itapungua, ndiyo. Waliobaki watacheza kwa nafasi." Akamgeukia mjomba. "Nimemkubali huyo binti. Ila mila ni mila. Mkwe wangu atajenga kwenye uwanja wangu, na kabla ya mvua atalima shamba langu kama mkwe wa mtu yeyote. Kusoma sijui wapi hakumwondolei jembe."

"Ni haki," akasema mjomba, kwa furaha ya mtu ambaye si yeye atakayelima.

Mama wa ng'ambo akainuka, akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai nusu, akakiweka kwenye meza ya nje, nyuma ya ukuta wa makuti. Sikuelewa.

"Mkwe hali mbele ya mkwe," mjomba akaninong'oneza. "Toka."

Nikatoka. Nikanywa chai yangu nyuma ya makuti, na hapo ndipo nilipogundua nilichofanyiwa. Mtu pekee Masasi nzima niliyeweza kuzungumza naye lugha ile alikuwa sasa mkwe wangu, na nisingeweza tena kukaa naye meza moja wala kumtania, wala yeye kunitukana kuhusu meno yangu. Nilimpatia mchumba wangu mtu wa kuongea naye kwa kumpoteza wangu. Nikaanza kuhesabu: na kama wao wawili hawatapatana? Na kama Kireno kile hakitamtosha? Na vumbi? Na mama yangu, aliyeokota korosho mkekani, atasemaje nikijenga Masasi? Kwenye ghala la Newala je, atawekwa nani? Kupitia nyufa za makuti nilimsikia mama wa ng'ambo akimwuliza mjomba, "Daima huwa anakaa hivi, anachezesha midomo bila sauti?" Mjomba akajibu, "Tangu akiwa mdogo."

Nikaacha kikombe, nikaenda posta.

Foleni ilikuwa ile ile, karibu na watu wale wale. Laini ilichukua muda wake. Aliposema halo nilisema, "Masasi." Nikamtajia herufi moja moja, ili asikosee kuiandika. Akauliza kama kuna joto. Nikasema lipo, na mama yako yuko hapa. Akaanza kucheka, na opereta wa Dar es Salaam akatuambia muda umekwisha. Nikavuka barabara hadi kwenye ghala, nikamwambia tajiri wangu kwa mdomo wangu mwenyewe: Masasi. Akasema ameshasahau kama aliniuliza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Lisekese na jembe, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho. Mikono yangu ilikuwa imeshika kalamu miaka mingi mno. Mama wa ng'ambo alikuja na chupa ya chai, akaiweka mbali nami kwenye njia, akageuza uso kama inavyompasa. Aliyatazama matuta yangu. Haruhusiwi kunisemesha, kwa hiyo akausemesha mkorosho uliokuwa karibu naye, kwa sauti ya kunifikia.

"Mkorosho wangu, umeyaona haya? Msomi huyu, matuta yake yamelewa."

Nikarudi mwanzo wa mstari, nikaanza kuyanyoosha.